Sehemu ya Mwisho Tuliyoiwekea Mvua

Katika ile tamthilia ya Kithai, msichana wa leo anarudi zamani kila mvua inaponyesha. Hapandi chombo wala hasomi maneno ya uchawi. Anasimama kwenye gati la mbao nyuma ya nyumba ya bibi yake, maji ya mfereji yanapanda, na akifumbua macho nyumba ni mpya, mitungi imejaa, na msichana mwingine mwenye nywele ndefu za kusuka anamuuliza ametokea wapi. Mvua ikikatika, anarudishwa kwao. Huyo wa zamani ameshaposwa. Wanapendana kwa vipande vya mvua, na kila kipande huenda kikawa cha mwisho.

"Hii haiwezi kutokea kwetu Ibra," rafiki yangu alisema siku ya kwanza. "Wangezeeka wanangoja mvua."

Wakati huo tulikuwa Nizwa, tunasoma chuo, tunakaa chumba kimoja katika dakhalia ya wasichana. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la tende. Yeye alikuwa amekaa kitandani kwangu, mimi sakafuni, mgongo wangu kwenye godoro, na vidole vyake vilikuwa vikifumua mikia ya nywele zangu. Maandishi ya Kiarabu chini ya picha yalitiwa na washabiki, yakiwa na makosa mengi, na penye maneno mazito mtafsiri aliruka tu. Tukajifunza kujaza wenyewe.

Nimezoea kushika mambo kwa mpangilio: nani alikaa wapi, nani alianza kusema. Kwa hiyo nakumbuka vizuri kwamba wale wawili waliposhikana mikono kwa mara ya kwanza, gatini, vidole vya rafiki yangu vilisimama kichwani mwangu. Vilikaa hapo mpaka tukio likapita. Kisha vikaendelea kufumua. Hatukulizungumza hilo, siku ile wala baadaye.

Tulipomaliza masomo tulirudi Ibra, kila mtu kwao, na kwao na kwetu kuna ukuta mmoja na mlimau katikati. Familia zote mbili zilitoka Unguja. Mimi nikapata kazi katika ofisi ya serikali Mudhaibi, nikawa naendesha gari kwenda na kurudi. Yeye aliandika maombi ya kazi na kukaa na bibi yake.

Bibi huyo alizaliwa mjini Unguja, na mpaka leo anasema Kiswahili kama aliyeondoka huko jana. Kiarabu anakisema, ila kukisoma kwa haraka ile ya maandishi ya chini hawezi. Alipotukuta siku moja tunatazama sebuleni, alivuta mto akakaa.

"Nihadithieni na mimi," alisema. "Nisikae hapa kama nimekuja kwa daktari."

Basi tukagawana kazi. Mimi nikachukua sauti ya msichana wa leo, rafiki yangu akachukua ya yule wa zamani. Kila Ijumaa, wanaume wakiwa wamekwenda zao barazani, tulikaa pande mbili za bibi na kumsomea kwa Kiswahili kila kilichosemwa. Ndivyo ilivyokuwa kwamba maneno ambayo tusingethubutu kuambiana, tuliambiana kwa sauti, mchana, mbele ya mtu mzima, kikombe cha kahawa kikizunguka.

"Nikiondoka utanisahau," nilisoma mimi.

"Nitasimama hapa kila mvua ikinyesha," alisoma yeye. "Hata nikiwa mke wa mtu."

"Pole pole," bibi alisema. "Huyu wa nywele fupi anamtaka nini mwenzake?"

"Ni marafiki, bibi."

"Rafiki hatazamwi hivyo. Mie nimekuwa na marafiki." Akanyoosha kikombe chake kiongezwe. "Endeleeni."

Mara nyingine alitukatiza ili atutengeneze. Rafiki yangu aliwahi kumsomea, "Mimi nakumisi sana," na bibi akampiga kofi dogo la paja.

"Kiswahili cha supamaketi hicho! Mtu hasemi hivyo. Sema: nina hamu nawe."

"Nina hamu nawe," rafiki yangu alisema. Hakuwa akitazama televisheni.

Ikafika siku ikabaki sehemu moja tu. Mimi nilikuwa tayari nimeshika rimoti. Yeye akaichukua mkononi mwangu.

"Tusiitazame. Tuiwekee mvua. Siku itakayonyesha hapa Ibra, ndiyo tutaitazama, sote watatu."

"Wee, itapita hata mwaka!"

"Ndiyo ninavyotaka."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. "Wallahi nyinyi ni watoto wa huku. Sisi kwetu mngekuwa mmeshaitazama kabla ya adhuhuri, na nguo kwenye kamba zimeroa." Kisha akatazama ile picha ya gati iliyosimama kwenye kioo. "Ningepata mie mvua hiyo ningeshukia Mkunazini, uani kwetu, nikae. Nisingerudi."

"Hata kwetu sisi, bibi?"

"Nyinyi mngenifuata."

Mahari ilikuwa bado haijatajwa popote wakati ule. Posa ya rafiki yangu ilikuja wakati wa baridi, kutoka Sur. Wanawake wa upande wa kijana walifika na gari mbili, wakakaa majlis, sebule ya wageni, wakala halwa, wakafukizwa udi. Kijana alikuwa mhandisi katika mtambo wa gesi, mtoto wa watu wanaojulikana, na bibi zake nao walikuwa wa Unguja. Niliuliza kila niliyeweza kumuuliza, kwa sababu nilitaka kusikia ubaya wake. Sikuusikia. Kila mtu alisema ni mpole.

Katika familia ile msichana haulizwi na baba yake uso kwa uso. Kabla jambo halijafika kwa sheikh, hutumwa mwandani wake, yule anayejua siri zake, akamuulize faraghani, kisha arudi aseme alichokiona. Akilia kwa kelele, wageni hushukuriwa na kuagwa kwa heshima. Akitoa sharti, sharti hujadiliwa. Akinyamaza, amekubali, kwa sababu haya ndiyo iliyomfunga mdomo. Mama yake mwenyewe aliulizwa hivyo, na bibi kabla yake.

Mama yake alinikuta jikoni ninapanga vikombe. Mimi humwita mama vilevile.

"Mwanangu, weka hivyo. Nenda kamuulize mwenzio."

"Mimi, mama?"

"Kwani ana mwandani mwengine? Nenda, wageni wana safari."

Nilimkuta chumbani mwake anapiga pasi abaya ambayo ilikuwa imeshanyooka. Nilifunga mlango. Sauti za wageni zilikuwa zikisikika kutoka majlis, na vijiko.

"Wamekutuma wewe," alisema.

"Wamenituma mimi."

"Maskini weye." Akaendelea na pasi. "Haya, uliza. Uliza kama inavyoulizwa."

Nikauliza kama inavyoulizwa. Nilitaja jina la baba wa kijana na la babu yake, nikasema amekuja kwa wema, je, anaridhia? Sauti yangu ilitoka kavu, kama ninayesoma maandishi ya chini.

Aliiweka pasi wima. "Na nikisema sitaki, kisha?"

"Wataondoka."

"Halafu atakuja mwengine. Na mwengine. Na nitawaambia nini wote hao? Kwamba nangoja mvua?"

Nilikuwa nimetunga majibu mengi njiani kutoka Mudhaibi, siku zote zile baada ya kusikia kuwa wageni watakuja, na hakuna hata moja lililokuwa na mahali pa sisi kukaa. Nyumba gani, mji gani, tungemwambia nani. Nilimshika mkono, nao ulikuwa na moto wa pasi.

"Sema kitu," alisema.

"Nina hamu nawe," nilimwambia. "Na hata hujaondoka."

Alinitazama muda mrefu. Safari hii hapakuwa na bibi katikati, wala kioo. Kisha akauondoa mkono wake taratibu, akajifuta pua na ncha ya shela, akaishika tena pasi.

"Kawaambie nimenyamaza," alisema.

Nilitoka. Ukumbini mama yake alikuwa ananingoja akiwa ameshika upindo wa mtandio kwa mikono miwili.

"Amesemaje?"

"Amenyamaza, mama."

Vigelegele vilianzia pale pale mlangoni na kuingia majlis. Wageni wakavipokea. Mtu akanibusu shavu, mtu mwingine akanitia kipande cha halwa mdomoni. Bibi peke yake ndiye aliyekaa kimya kwenye mto wake, ameweka mikono magotini. Alinipungia nimsogelee, nikachutama.

"Kanyamaza kweli?"

"Kanyamaza, bibi."

"Na wewe?"

Halwa ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nilitikisa kichwa, na yeye akakishika kichwa changu kwa nyuma, akakibana begani mwake. Waliotuona walidhani tunalia kwa furaha.

Jumatano zilizofuata tulikwenda soko la wanawake kununua vitu vya bi harusi, mimi na yeye na mama yake: bukhuri, hina, vitambaa vya rangi ya kijani. Soko lile la Ibra wanaume hawaingii, na wauzaji ni wanawake tu, kwa hiyo kuna mzaha mwingi. Mmoja aliyekuwa akiuza manukato alimpaka rafiki yangu mafuta ya udi shingoni, akanipaka na mimi.

"Na wewe zamu yako lini?" aliniuliza.

"Huyu hataki kuolewa," rafiki yangu alijibu badala yangu. "Yeye anatazama tamthilia tu."

Tulicheka sote. Nilimpaka hina mwenyewe, miguu na mikono, kwa sababu hiyo nayo ni kazi ya mwandani, na sikuharibu hata ua moja. Sehemu ya mwisho haikutajwa. Mvua haikunyesha. Kila asubuhi nilitazama juu ya milima kabla ya kuwasha gari, na mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Gari za maharusi zilikuja kutoka Sur kwa barabara kavu, zikaenda naye kwa barabara kavu.

Nilikwenda kumtembelea Sur majira ya joto. Nyumba yao ni nzuri, iko juu, ina madirisha yanayoona bahari. Mumewe alinisalimia mlangoni akiwa ameinamisha macho, akaweka juisi na samaki wa kukaanga mezani, akatoka kwenda msikitini ili tukae kwa raha. Ni mpole, kama walivyosema. Rafiki yangu alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alinionesha kabati, mashine ya kufulia, zulia. Aliongea sana. Alipomaliza vya kuonesha akakaa mbali nami kidogo kwenye kochi, tukala zabibu.

Nilipokuwa navaa viatu akauliza, "Haijanyesha huko?"

"Haijanyesha."

"Hata manyunyu?"

"Hata manyunyu."

Akashusha pumzi, na sikujua kama alikuwa anashukuru au anasikitika. Nadhani hata yeye hakujua.

Mvua ilikuja baadaye, mchana, nikiwa ofisini. Kwanza vumbi likanuka, kisha matone yakagonga vioo vya madirisha na wafanyakazi wote wakatoka nje na simu zao kupiga picha. Niliomba ruhusa nikaondoka mapema. Nilipofika Ibra maji ya wadi, lile bonde kavu la mto, yalikuwa yameshaanza kushuka kutoka milimani, ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba makuti na matairi. Nyuma yangu polisi waliifunga barabara. Ya kwenda Sur ilikuwa imeshafungwa zamani.

Nilimwandikia nikiwa bado garini: "Imenyesha."

Jibu lake lilichelewa. Niliona anaandika, anaacha, anaandika. Kisha likaja: "Huku jua. Tazama na bibi. Usinihadithie."

Bibi nilimkuta amekaa mlangoni, amenyoosha mkono nje ya ukingo wa paa, mvua inampiga kiganjani.

"Shikamoo, bibi."

"Marhaba. Nilijua utakuja. Leo si ndiyo siku yenu?"

Alinifuata sebuleni, akakaa kwenye mto wake. Mimi nikakaa upande wangu. Upande wa pili palikuwa na nafasi, na hakuna kati yetu aliyeisogelea. Niliwasha televisheni. Nikasoma sauti ya msichana wa leo, na ilipofika zamu ya yule wa zamani, nikaisoma hiyo pia. Bibi hakunitengeneza neno hata moja.

Ilikuwa siku ya harusi, kule kwenye tamthilia. Mvua ilikuwa kubwa, gati limefunikwa na maji. Msichana wa zamani alitoka nyumbani na nguo zake za harusi, akasimama mwisho wa gati. Wa leo alikuwa upande wa pili, anakimbia. Aliyevaa nguo za harusi akageuka, akafungua mdomo.

Nikabonyeza rimoti. Kioo kikawa cheusi.

"Mbona umezima?"

"Imeisha, bibi."

"Haijaisha. Wimbo wake haujapigwa."

Nje mifereji ya paa ilikuwa ikimwaga, na watoto wa jirani walikuwa wakipiga kelele kwenye madimbwi. Bibi alinitazama, akaitazama ile nafasi upande wake wa pili. Alichukua rimoti mkononi mwangu, akaitia chini ya mto wake aliokalia, akajinyoosha.

"Basi tuiache," alisema. "Mpaka ije mvua nyingine."

Nikaenda jikoni kuchemsha kahawa. Dirishani, upande wa Mudhaibi, mbingu ilikuwa imeshaanza kuwa nyeupe.