Mlango Mfupi wa Ukumbi wa Mashujaa

Mafundi wenzake walimwita Kibeti, naye hakununa. Umbo dogo, mdomo mkubwa. Angekutania mpaka ucheke na njaa yako. Lakini ukimtajia Ukumbi wa Mashujaa, ule wenye kuba na kuta za mawe ya kuchonga, ghafla angekumbuka ana shughuli mahali.

Mlango mkuu aliujenga yeye, akaukosea. Kamba ya kupimia ilipotea, naye kwa ujuvi wa ujana akapima kwa kimo chake mwenyewe, akaongeza shubiri, akapandisha jiwe la juu. Siku ya ufunguzi jenerali alijigonga paji, kofia ikabingirika. Mafundi walicheka hadi wakakaa chini. Kibeti akatokomea, asirudi tena, ingawa mle ndani ukutani limechongwa jina la kaka yake, aliyekufa vitani bila kaburi.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mkewe alizoea kumwambia.

"Langu limevunjika mbele ya jenerali, mama watoto."

Sasa mke hayupo, na binti yao ndiye anayetembeza wageni ukumbini. Juzi alimng'ang'ania.

"Baba, magoti yako hayo yanakuaga. Usipomwona Baba Mkubwa leo, utamwona lini?"

"Ahera. Kule milango mikubwa."

Alikwenda hata hivyo, maana mbishi alizaa mbishi. Akajibanza nyuma ya wageni, roho juu, akisubiri kicheko. Binti akapaza sauti:

"Mlango huu ni mfupi kwa makusudi. Fundi wake ana kaka yake humu ndani. Alitaka kila aingiaye, mkubwa kwa mdogo, ainamishe kichwa."

Kibeti akapenya kundini, akamvuta mkono.

"We mtoto, unawadanganya watu! Mimi nilikosea kipimo."

"Najua, baba. Mama alishanihadithia. Wewe watazame tu."

Akawatazama. Mzee mmoja mrefu mwenye medali kifuani alivua kofia, akainama, akapita. Mama mmoja akainama huku kiganja chake kikiligusa lile jiwe. Hakuna aliyecheka. Kibeti hakujua aiweke wapi ile aibu aliyoibeba miaka yote.

Zamu yake ikafika. Katika kundi zima, yeye peke yake ndiye angeweza kupita wima. Akavua kofia, akainama chini kuliko wote, akaingia kumsalimu kaka yake.