Mvua ya Jagi

Mama alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: mvua ya kwanza ikinyesha, niwe nyumbani. Si leso, si sukari. Alitaka mkono wangu shambani. Tangu nilipojua kutembea, yeye huchimba shimo kwa jembe, mimi nadondosha ndengu mbili tatu kutoka kwenye kibuyu, kisha nafukia kwa mguu. Alisema mbegu zangu humea vizuri. Za jirani nazo humea, akasema, ila humea zimenuna.

Kwetu ni Kambu, ndani kidogo ukitoka barabara kuu, na mimi nafundisha jiografia Mombasa. Zamani mvua ikinyesha, Mama alipiga simu. Hata salamu hakutoa. "Imenyesha. Nimefukua na mkono, maji yamefika hapa kwa kiwiko." Basi mimi naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nadanganya kidogo ikibidi, na Jumamosi asubuhi niko shambani na kibuyu changu kiunoni.

Kisha nikaleta mashine.

Wacha nijitetee, sababu ilikuwa nzuri. Redio ilikuwa ikitangaza mvua Makueni, kaunti yetu, kana kwamba Makueni yote ni uwanja mmoja wa mpira. Kule Mbooni juu kwenye baridi wananyeshewa mpaka wanalalamika, na sisi huku tunakula vumbi. Kipimo cha karibu tulichokijua kilikuwa mbali kule Kiboko, na mvua ya kwetu ina tabia ya kunyeshea shamba hili na kuruka lile la pili kama watu waliokosana. Nikanunua kituo changu mwenyewe cha hali ya hewa, kidogo, cha kusimamisha kwenye mlingoti: vikombe vya kupima upepo, kipimajoto, kipimo cha unyevu wa hewa, na faneli ya mvua. Ndani ya faneli kuna kijiko kinachojaa maji na kupinduka, na kila kikipinduka kinahesabu. Hesabu hiyo inatumwa hadi kwenye simu yangu, popote nilipo.

Niliisimika katikati ya uwanja, mbali na paa na mwarobaini. Mama akaizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Na hii inakula nini?"

"Jua, Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Basi hapa haitalala njaa."

Nikafungua kundi la majirani kwenye simu, na kila asubuhi nikawa nawatumia habari: mvua, unyevu, upepo. Mwanzoni walinicheka. Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, rika la Mama na mdomo wake hauna breki, aliuliza kama mashine inaweza pia kumwambia kuku wake amelalia wapi. Lakini kufika msimu wa tatu walikuwa wamejifunza wenyewe: unyevu ukipanda asubuhi tatu mfululizo na upepo wa jioni ukilala, watu wanatoa majembe. Hata ofisa mmoja wa hali ya hewa akaomba namba zetu. "Setilaiti inanionyesha wingu," aliniambia. "Haiwezi kunihakikishia kama limeshuka kwenu." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kumbe kuna kitu sikukiona. Mama aliacha kupiga simu. Na ni mimi niliyemwambia aache! "Usijisumbue, Mwaitu, naona kila kitu hapa." Novemba hiyo mvua ya kwanza ilinikuta kwenye chumba cha walimu. Milimita kumi na nane! Nikawaonyesha wenzangu simu, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Nikampigia Mama kumpa habari za mvua iliyokuwa ikimpigia bati juu ya kichwa.

"Eeh," akasema. "Unakuja lini?"

Nikamwambia kuna mitihani. Na kweli ilikuwepo, lakini mitihani ilikuwepo miaka yote, na miaka yote nilikwenda. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaiona mvua, nikahisi kama nimeshafika. Jirani ndiye aliyedondosha mbegu. Msimu uliofuata, vilevile. "Haki ya Mungu, ikinyesha tena nitakuja," nikamwambia Mama, na aliniamini.

Ikawa Jumanne moja, saa tano mchana. Simu ikatetemeka: milimita nne, kwa dakika moja. Nikaandika mbiombio kwenye kundi, "Imeanza!" Ndipo nikatazama namba zile nyingine. Joto thelathini na tatu, halijashuka hata kidogo. Unyevu uko chini palepale. Jua kali. Mvua gani hiyo isiyopoza hewa? Hasira zangu ziko karibu, muulize mwanafunzi yeyote. Nikapiga simu nyumbani nikiwa tayari nimewaka.

"Mwaitu, nani anachezea mashine? Ni mbuzi? Ni watoto wa shule? Watu watamwaga mbegu kwenye vumbi kwa sababu ya huyo mjinga!"

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Nimemwaga maji na jagi."

"Sasa kwa nini?"

"Si ulisema ikinyesha utakuja."

Woi. Nilikaa kwenye ngazi za darasa nikalia, kengele ikalia na mimi nikilia, wanafunzi wakapita pembeni yangu wakijifanya hawaoni. Nilimwonea mama yangu aibu, kisha nikajionea aibu mimi, na hiyo ya pili haijaisha mpaka leo.

Nikawaandikia majirani kwamba si kweli, haijanyesha. Yule wa ng'ambo alikuwa ameshapanda mstari na nusu. Mama alivuka korongo mwenyewe kwenda kumwomba radhi, na mwenzake akacheka mpaka akaegemea jembe. Tangu siku hiyo uongo wowote kwetu una jina. Ahadi ya mwanasiasa ni mvua ya jagi. Bwana harusi anayesema mwaka ujao, mvua ya jagi.

Ijumaa hiyo nilikwenda. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, mbingu nyeupe. Tukapanda hivyo hivyo kukiwa kukavu, yeye akichimba, mimi nikidondosha, na aliongea tangu asubuhi mpaka magharibi kama mtu aliyefunguliwa. Mvua ilikuja nikiwa nimesharudi kazini. Ndengu zilimea, na hazikununa.

Mwaka uliofuata Mama aliteleza kando ya tangi la maji akavunjika nyonga. Daktari akasema asiishi peke yake tena. Nikamleta Mombasa, ghorofa ya pili, yeye na mkongojo wake na kibuyu chake chenye ndengu za mbegu. Tulikitundika juu ya friji.

Sasa tunaonana kila siku. Ungedhani kiu imekwisha. Anakaa dirishani akitazama mvua ya pwani ikianguka. "Hii inanyesha bure," anasema. "Juu ya lami." Kila asubuhi, kabla ya chai, ananiuliza neno moja.

"Nyumbani?"

Nafungua simu. "Sifuri, Mwaitu."

"Hata manyunyu?"

"Hata manyunyu."

Anataka kwenda kupanda. Hasemi, lakini nimemkuta akikitikisa kibuyu sikioni ili asikie kama mbegu bado ni kavu. Nami nina sababu zangu: nyonga, ngazi, safari ndefu. Siku moja nikamwambia, "Ikinyesha tutaenda." Nikajisikia nikisema maneno yale yale.

Jumamosi iliyopita, saa tano mchana, simu ikatetemeka. Milimita tano. Nikatazama joto: thelathini na nne. Damu ikaanza kunipanda, lakini kabla sijafoka ukaingia ujumbe kwenye kundi, kutoka kwa yule jirani wa ng'ambo ya korongo.

"Msipande. Hii si mvua. Naita watu wangu warudi nyumbani."

Mama alikuwa ananitazama usoni.

"Kumenyesha?"

"Kumenyesha."

"Ya Mungu ama ya jagi?"

Ningeweza kumdanganya, na ningekuwa na sababu nzuri kama kawaida yangu.

"Ya jagi, Mwaitu."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la leso. Kisha akashika mkongojo, akasimama.

"Mimi siitwi mara mbili," akasema. "Teremsha hicho kibuyu. Wewe utachimba."