Mama Matone Anachagua Tangi la Samaki la Darasani

Saa mbili asubuhi, mwanamke amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana ya fundi vioo. Mbele yake kuna tangi la kioo, tupu. Analitazama kimya, kama anayesubiri kitu kipite ndani yake.

"Dada, unanunua au unasali?" fundi anamtania.

"Vyote viwili, kaka. Niache kidogo."

Wanafunzi humwita Mama Matone, maana kitambaa cha kufutia maji hakimtoki mkononi. Ni mhudumu wa maabara katika shule ya msingi: anaosha chupa, anamwagilia miche ya majaribio, anafungua madirisha watoto wasije wakakuta joto. Mshahara ni mdogo, kwa hiyo jioni hushona sare.

Leo amekuja na mwalimu wa sayansi kuchagua tangi la samaki la darasa. Samaki wa kwanza waliwekwa kwenye bakuli la duara lenye mdomo mwembamba, zawadi ya wazazi. Lilipendeza kama taa. Lakini hewa haikuwatosha, na Jumatatu moja watoto waliwakuta wanaelea. Darasa zima lililia.

Mwalimu mkuu amekubali wajaribu mara moja tu. Samaki wakifa tena, kona yao darasani itawekwa kabati.

"Mwalimu mkuu hakumlaumu mtu," Mama Matone anamwambia fundi. "Alileta koleo mwenyewe, akatusaidia kuwazika kando ya ukuta."

Mwalimu wa sayansi amesimama karibu na tangi refu, jembamba. "Hili hata wa nyuma wataliona."

"Kweli, mwalimu. Ila hebu njoo huku chini."

Mwalimu anaitazama suruali yake safi, anacheka, naye anapiga magoti. Darasani kuna mtoto wa kiti cha magurudumu, na macho yake huwa usawa huu. Kwenye tangi refu angeona changarawe tu.

"Hili fupi ni pana juu, hewa itaingia vizuri," anasema Mama Matone, akiligusa. "Na tutalizunguka wote."

"Basi wa nyuma nitawaleta mbele kwa zamu," mwalimu anakubali.

Fundi anapitisha kidole kwenye maungio ya gundi, kisha analijaza maji kuona kama linavuja. Mwanga unaoakisiwa na maji unaanza kutetemeka darini. Wote watatu wanainua vichwa kuutazama.

"Nikiwa kwenye cherehani," Mama Matone anasema taratibu, "naliona darasa lote chini ya maji. Watoto wanapita polepole na mabegi mgongoni. Hakuna anayemsukuma mwenziwe."

"Na mimi nipo?" mwalimu anauliza.

"Upo. Unaelea na chaki yako."

Fundi anaupapasa ukingo mkavu. Tangi halivuji. "Kifuniko nitawakatia bure," anasema. "Nawajua watoto, mikono haitulii."

Tangi litakaa mbali na dirisha, jua lisichemshe maji. Kwa wiki kadhaa litakuwa na maji na mimea tu, mpaka maji yatulie na kuwafaa samaki.

"Watalalamika wanaonyeshwa maji matupu," mwalimu anaonya.

"Nitawaambia tunawatandikia wageni."

Samaki wakishaingia, Jumatatu itakayofuata Mama Matone hatatangulia darasani kama kawaida yake. Atasimama nje, barazani.

"Nataka watoto wafungue mlango wenyewe," anasema, "mimi nisikie wakicheka."