Maana za “Take” Stendi ya Nangurukuru

Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kamusi isiyo na jalada. Neno lililonisumbua kuliko yote ni take. Unachukua kitu, unameza dawa, unapiga picha, unafanya mtihani, unampeleka mtu mahali: yote take. Nilizikariri maana zake, lakini sikuwahi kufungua kinywa mbele ya mtu. Sentensi lazima inyooke kwanza kichwani, na kichwani mwangu hainyooki upesi.

Asubuhi moja kaka yangu, dereva wa bodaboda, alimpakia mama wa Kizungu kutoka Kilwa Masoko hadi stendi ya Nangurukuru, ninapouza korosho. Mama yule akanywa chai kwa mama lishe, akainuka, akatembea kidogo, akagundua hana begi. Akamnyooshea kaka kidole.

“He took me,” akasema.

Alitaka tu kueleza alivyofika pale. Mpiga debe akadaka neno moja.

“Tuku! Kachukua huyo! Mwizi!”

Watu wa stendi wakamvamia kaka, wakamwangusha kwa kofi la kwanza. Mmoja akamkanyaga mkono, nikasikia vidole vikivunjika. Tofali likampasua juu ya jicho. Mwingine tayari alikuwa anafyonza petroli kwa mpira kutoka kwenye pikipiki ya kaka mwenyewe, na kila mtu alijua ni ya kazi gani.

Mimi nilikuwa natafuta sentensi ya kumuuliza yule mama. Did he take, au did he took? Nilihofia kukosea.

Mwishowe nikapayuka kwa Kiswahili: “Hakuiba! Anasema kamleta!”

“Kuleta ni bring, dogo,” mpiga debe akanijibu, anahema. “Na sisi tumesoma.”

Nami nikaanza kumfafanulia tofauti, huku mateke yakiendelea.

Aliyewazuia ni mama lishe. Alipenya katikati yao na begi mkononi. “Hili hapa, lilikuwa chini ya benchi langu. Mnamuua mtoto wa watu kwa lipi?”

Wakatawanyika. Mpiga debe akarudi kuita abiria wa Lindi.

Nikamwinua kaka, nikamwegemeza ukutani.

“Hilo neno lina maana ngapi?” akauliza.

“Nyingi.”

“Na wewe unazijua?”

“Zote.”

Akatema damu na jino, akanitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka. “Basi niitie mtu mwingine anipeleke hospitali.”