Seleri ya Nyawira Chini ya Hema la Harusi

Ukitaka kumjua Nyawira wa Gatitu upesi, mpe kitu anuse. Mpe kikombe, leso, mfuko wa unga, hata koti la mumewe. Atakuambia kilikaa wapi jana na kilikuwa karibu na nini. Usidhani ni uganga. Ni kazi yake iliyomfundisha, na ilimfundisha kwa ukali. Vuta kiti nikusimulie.

Nyawira hukausha seleri, ile mboga ya mashina marefu ya kijani yenye majani kama ya dania, ila makubwa zaidi. Wengi wetu hapa Nyeri tulizoea kuiona ikipakiwa kwenda kwa hoteli za Nanyuki, tukijua hiyo ni ya wageni. Lakini wewe uliyewahi kukoroga supu ya pakiti kwa maji moto unaijua hata kama hukuitambua. Kuna ladha fulani humo ambayo huwezi kuitaja jina, lakini isipokuwepo unasema hii supu imekosa kitu. Mara nyingi kitu chenyewe ni seleri kavu.

Aliyemwingiza katika kazi hiyo ni Fuad, kijana wa mjini Nyeri ambaye ukoo wao umesaga viungo tangu wazee wetu wakiwa vijana. Fuad na mama yake, Bi Samiha, wana kiwanda kidogo cha unga wa supu unaouzwa madukani kuanzia Murang'a mpaka Nanyuki. Seleri kavu walikuwa wakiipata kwa wakala wa Nairobi, naye huiagiza ng'ambo. Mara inafika nzuri, mara inafika na rangi ya nyasi za paa kuukuu. Siku moja Fuad alikuja sokoni kununua dania kwa Nyawira, akawa analalamika. Nyawira akamkatiza.

"Na si hiyo kitu inamea kwetu? Mimi nitakukaushia."

"Umewahi kukausha seleri, mama?"

"Nimekausha mahindi, nimekausha maharagwe, nimekausha nepi za watoto wangu kwa hii baridi ya Nyeri. Seleri ndio itanishinda?"

Akapeleka sampuli mwezi wa pili, jua likiwa kali. Bi Samiha alitia seleri kidogo kwenye kikombe cheupe, akamimina maji moto, akafunika kwa kisahani. Alipofunua aliinamisha uso, akanusa kwa utulivu, kisha akamsogezea mwanawe kikombe.

"Hii iko hai," alisema.

Fuad hakuzunguka. Supu yao mpya ingeanza kutengenezwa mwezi wa nane. Nyawira akileta mzigo mzima kabla ya hapo, wenye harufu na rangi kama ile sampuli, wangenunua kwake msimu baada ya msimu. Asipoleta, Fuad angeagiza ng'ambo mzigo wa mwaka mzima, na mambo yao yangeishia hapo.

Sasa, shamba la Nyawira ni dogo, unaweza kulivuka ukiwa bado umeshika pumzi. Alilazimika kuzungumza na majirani. Wengine walicheka. Lakini mzee Ngatia, ambaye maisha yake yote amekuwa mtu wa kabichi, alimtazama akamwuliza, "Wewe mwenyewe unaamini hii maneno?" Nyawira akajibu kwamba anaamini. Basi mzee hakupanda kabichi mwaka huo. Alipanda seleri shamba zima, kwa neno la Nyawira tu.

Ikafika Julai. Wewe wa huku unajua Julai yetu. Tunaamka ndani ya ukungu, tunashinda ndani ya ukungu, na jua likitokea saa nane watu wanatoka nje kulitazama kama mgeni. Seleri ilikuwa imekomaa, na seleri iliyokomaa haingoji mtu. Ukichelewa inatoa maua, mashina yanakuwa kamba. Nyawira akavuna ya kwanza, akaosha, akakatakata, akaichovya kwenye maji moto na kuitoa haraka ili isipoteze kijani. Akaitandaza kwenye trei za mbao zilizowambwa chandarua, ndani ya chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Kesho yake ilikuwa mbichi vile vile. Kesho yake tena ikaanza kunata.

Siku iliyofuata alikwenda sokoni na moyo mzito. Akamwacha mama mkwe wake, Phyllis, pale nyumbani.

Phyllis ni mwanamke mwema, na kosa lake lilikuwa la wema. Kosa lenyewe ni la watu wa mlima huu peke yao. Nyumba ya jikoni ya mama wa Kikuyu ina itara, dari la fito juu ya moto, mahali ambapo kuni hukauka na mbegu za mahindi hulindwa zisiliwe na wadudu. Kwetu, kitu kikikataa kukauka, hakuna anayeuliza. Kinapandishwa itara. Phyllis aliona seleri ya mkaza mwanawe inaharibika, akapanda juu ya kigoda, akaipandisha trei baada ya trei, akachochea moto wa kuni. Nyawira aliporudi jioni ilikuwa imekauka hata inalia ikishikwa.

"Tazama," Phyllis akasema, uso wote ukicheka. "Nyinyi mnasumbuka na chandarua. Si mngeuliza wazee?"

Nyawira alichukua kiganja kimoja. Hakuhitaji hata kukisogeza puani.

"Mami, hii ni moshi."

"Moshi gani? Hiyo ni harufu ya nyumbani."

"Ya nyumbani, lakini si ya seleri. Fuad hataichukua."

"Basi changanya. Weka hii chini, weka nzuri juu. Gunia ni kubwa, nani atachimba mpaka chini?"

Nyawira alikaa kwenye kigoda kile kile. Moto ulikuwa mzuri, na ukweli ni kwamba jambo hilo lilipita kichwani mwake. Lakini alikumbuka kile kikombe cheupe na kisahani chake. Tena alijua gunia moja la moshi likiingia kwenye mashine ya kuchanganyia, supu yote ya Fuad itakuwa na ladha ya jikoni kwa Phyllis.

"Hapana, Mami. Hii tutakula sisi."

"Na tutaila!" Phyllis akajibu kwa hasira kidogo. Na tangu siku hiyo kila chungu cha viazi pale nyumbani kilitiwa seleri ya moshi, naye Phyllis akisifu kwa sauti kila akimeza.

Habari haikulala. Asubuhi mzee Ngatia alisimama kwenye ua, mikono nyuma.

"Mama Mutahi," akamwita Nyawira kwa jina la mwanawe.

"Naam, mzee."

"Nasikia seleri yako imefanywa nyama choma."

"Imeharibika, mzee. Sitakuficha."

"Na yangu iko shambani imesimama. Nitaikula na ugali? Ama nifunge ng'ombe humo?"

"Usifunge ng'ombe. Nipe hii wiki."

"Wiki ya jua gani? Hii ya kwetu?" Akaelekeza kidevu kwenye ukungu, akaenda zake bila kungoja jibu.

Jibu lililetwa na viatu. Mumewe, Theuri, husafirisha mboga kwa gari lake la Probox, na jioni hiyo alikuwa ametoka Narumoru kuchukua vitunguu. Alivua viatu mlangoni. Nyawira alikuwa anapita na ndoo akasimama.

"Hii vumbi umetoa wapi?"

"Vumbi gani?"

"Kwa viatu. Gatitu yote ni matope."

"Narumoru ni kukavu, mama. Upepo tu siku nzima. Mpaka macho inawasha."

Nyawira aliweka ndoo chini. Kutoka Gatitu mpaka Narumoru si safari ya kufunga mizigo. Unapita Kiganjo, unapanda kidogo, na nchi inabadilika mbele ya macho yako, kijani kinafifia, mbingu inafunguka. Alikuwa amelijua hilo tangu utotoni, ila alilijua kama habari ya kule kwao, haikumhusu. Alimpigia simu Gatimu, binamu ya Theuri anayeishi Narumoru, kabla hata chakula hakijaiva.

Gatimu ni mtu wa kukodisha mahema na viti vya harusi na mazishi, na ni mtu wa kelele. "Kujeni!" alisema. "Niko na stoo kubwa ya vitunguu, upepo unapita kila upande."

Walifika asubuhi na mzigo wa kwanza wa seleri ya Ngatia, imekatwa na kuchovywa tayari. Nyawira akaingia stoo, akanusa, akatoka.

"Hapana. Itakuwa vitunguu."

"Ai! Si vyote vinaingia kwa supu?"

"Vinaingia, lakini kila mtu na mlango wake."

"Basi anika nje, jua ndilo hilo."

"Jua kali litachoma rangi iwe manjano. Nataka kivuli na upepo pamoja." Akazunguka ua, akaona turubai nyeupe zimekunjwa karibu na ukuta. "Na hizo?"

"Hizo ni mahema, dada. Kubwa iko na harusi Jumamosi."

"Leo ni Jumatatu."

Gatimu akamtazama Theuri, kama mtu anayeomba msaada. Theuri akainua mabega. "Huyu ukimkatalia atarudi kesho," alisema. "Mimi naishi naye."

Basi hema la harusi likasimamishwa uwanjani, pande zote wazi, na chini yake meza za plastiki zilizobeba trei za seleri, kila moja imefunikwa kwa chandarua na kufungwa kwa kamba maana upepo wa kule hauombi ruhusa. Theuri alienda na kurudi na mizigo ya majirani. Nyawira alilala kwa Gatimu, akashinda akigeuza seleri kwa vidole, trei baada ya trei. Wapita njia walipunguza mwendo.

"Nani anaoa katikati ya wiki?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka barabarani.

"Ni supu inaolewa," Gatimu akamjibu.

"Na mahari?"

"Bado tunajadiliana!"

Walicheka, lakini Alhamisi hakuna aliyecheka. Wingu lilishuka kutoka mlimani likakaa mpaka jioni. Majani yalikuwa tayari, mashina bado. Shina la seleri lililokauka huvunjika kwa sauti. Haya yalikuwa yakijikunja kama ulimi. Ukiyafunga hivyo yataota ukungu gunia likiwa limefungwa, na utaaibika vibaya kuliko kwa ule moshi.

Ijumaa asubuhi Gatimu alikuja na vijana wake wa kazi, kamba mkononi.

"Dada, saa imefika. Bibi harusi anataka hema lifungwe maua leo."

"Bado hayavunjiki."

"Mimi siwezi kumwambia mtu aahirishe harusi kwa sababu ya mboga."

"Sikuambii umwambie. Anza na viti. Peleka viti kwanza, halafu jukwaa, halafu vyombo vya muziki. Hema iwe ya mwisho."

"Hema ndiyo huwa ya kwanza!"

"Leo iwe ya mwisho. Gatimu, mzee Ngatia aliacha kabichi kwa sababu nilimwambia naamini. Usinifanye niende kwake na mashina ya kujikunja."

Gatimu alikuna kichwa, akatukana wingu, si Nyawira, kisha akageukia vijana wake. "Mmesikia. Viti."

Wingu lilipasuka kabla ya adhuhuri, na nyuma yake ukaja ule upepo unaowasha macho. Nyawira alisimama akilijaribu shina hili na lile. Viti vilikwenda. Jukwaa likaenda. Gari liliporudi kuchukua vyombo vya muziki, Gatimu alisikia mlio mdogo, kama wa kijiti cha kiberiti, halafu mwingine, halafu mwingine. Akageuka. Nyawira alikuwa anavunja mashina akiyarudisha kwenye trei, machozi yakimtoka. Alisema ni upepo.

Alasiri hiyo hiyo Theuri aliteremsha magunia mjini Nyeri, kwenye kiwanda. Fuad hakuchukua seleri ya juu. Alipitisha mkono mpaka chini ya gunia, akatoa kiganja. Akafanya hivyo kwa kila gunia. Bi Samiha akapanga vikombe vyake vyeupe, akamimina maji, akafunika. Wote wakangoja. Nyawira alikuwa ameshika mkoba wake kama mtu aliye kanisani.

"Nilisikia ulikuwa na mzigo tayari wiki iliyopita," Fuad alisema.

"Ulikuwepo. Uliingia moshi. Sikuuleta."

"Uko wapi?"

"Unapikwa na viazi. Mama mkwe anasema ni tamu kuliko hii yako."

Bi Samiha akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafunua kikombe cha kwanza, akanusa. Cha pili. Alipofika cha mwisho alikisukuma mbele ya Fuad. Fuad akanusa, akachukua simu, akampigia wakala wa Nairobi pale pale, Nyawira akisikia.

"Hapana, usiagize," alisema. "Nimepata ya hapa kwetu."

Nyawira hakwenda nyumbani kwanza. Alipita kwa mzee Ngatia, akamkuta akinoa jembe.

"Mzee, ile iliyobaki kwa shamba usiifungie ng'ombe. Jumatatu tunavuna."

"Wamechukua?"

"Wamechukua yote."

Mzee aliendelea kunoa kwa muda. "Mimi kabichi zilikuwa zimenichosha hata hivyo," alisema.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Gatimu alipiga simu, na kelele zake zilisikika mpaka kwa waliopita.

"Dada! Umeniharibia harusi!"

"Nini tena?"

"Jana hema yote ilinuka supu! Mchungaji alikuwa bado anahubiri, wageni wanauliza chakula iko wapi. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alibeba sahani tangu asubuhi!"

Nyawira alicheka mpaka akakaa chini ya ukuta wa kanisa na nguo yake nzuri. Alipopata pumzi akauliza, "Na kesho hema iko na kazi?"

Gatimu akapumua kwa nguvu.

"Kesho haina," alisema. "Lakini wiki hii utatoa mboga zako Alhamisi, nianike hema harufu itoke."