Shimo la Mizizi Nyuma ya Nyumba ya Mgonjwa

Niliondoka nyumbani Berega kwa sababu ya mchoro mmoja. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Bwana misitu mmoja wa Kilosa alikuwa akikusanya vijana wa kusomea mizizi na udongo. Aliniambia nikimletea mchoro mzuri wa mizizi ya mti wa myombo, kuanzia shinani hadi inapoishia, atanipokea. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Mimi nikikosea mstari mmoja, huchana karatasi nzima.

Kilosa nilifika kwa lori la pamba, nikapanda treni ya Mikumi, kwenye misitu ya myombo. Kila kituo nilifungua mfuko kuhakikisha penseli zimo, hata mama aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nimebeba kuku.

Mikumi alinipokea Mama Zuhura, rafiki wa shangazi yangu. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa, nje kidogo ya hifadhi. Miti mingi ilikatwa kupisha nyumba, lakini nyuma ya kwake ulibaki myombo mmoja. Mumewe, Baba Zuhura, alikuwa kitandani na homa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilipoomba kuchimba shimo chini ya mti, Mama Zuhura alisema nichimbe tu, mradi nisiguse mihogo yake.

Alfajiri nilianza. Shimo la kutazamia mizizi si lazima lipendeze, lakini sikuweza kujizuia. Nilivuta uzi, nikanyoosha kuta kwa panga, nikalifanya refu kiasi cha mtu kulala. Lilipofika kifuani, mzizi mnene ukaingia ukutani, nami nikaufuata kwa kuchimba uwazi ubavuni, chini kabisa. Mizizi mingine ilizidi kushuka. Nikatoka kuchora nilichokiona kabla ya kuendelea.

Kabla ya adhuhuri majirani walikuja kumjulia hali mgonjwa. Walipopita nyuma ya nyumba, mmoja akaanza kulia. Bi Tatu, dada yake mgonjwa, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyenituma. Ndipo nikaelewa. Sisi Wakristo wa milimani hatuchimbi hivyo, lakini Waislamu humlaza maiti katika uwazi wa ubavuni, mwanandani. Nilikuwa nimechimba kaburi kamili, na mgonjwa bado yumo ndani ya nyumba, hai.

Mwenyewe akatoka, shuka begani, akaegemea ukuta na kulitazama.

"Mwanangu," akasema, "umenipima lini?"

Alicheka peke yake mpaka kikohozi kikamshika. Bi Tatu alisema kwao kaburi haliachwi wazi likisubiri mtu. Ukatwe mgomba, uzikwe sasa hivi badala ya mtu. Mama Zuhura aliushika mkono wa mumewe, akamvuta mbali na shimo, wala hakuuachia.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa mchoro. Nilitaka kuwaomba wanivumilie hadi jioni tu, nione mizizi inapoishia. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikautazama tena ule mkono uliomshika mgonjwa.

"Nionyesheni mgomba wa kukata," nikasema.

Niliufukia mwenyewe. Bi Tatu alikanyaga udongo wa mwisho, akasema mgomba umepata heshima ambayo watu wengi hawaipati. Jioni, tukila ugali, Baba Zuhura aliomba uji, akaniuliza kama nachimba na vyoo, maana chao kimepinda.

Kwenye treni ya kurudi penseli ilikuwa mkononi. Vitabu vilikwisha kunieleza jinsi mizizi ya myombo inavyoshuka. Ningeweza kuimalizia, na nani angejua? Nilifika Kilosa na nusu karatasi ikiwa nyeupe.

"Na huku chini?" bwana misitu akauliza.

Nikamweleza habari ya mgonjwa na mgomba. Alisikiliza bila kucheka.

"Wenzako wawili wameniletea mizizi mpaka chini," akasema. "Nilipowauliza walichimba wapi, wakatazamana. Wewe andika hapo kwamba hujaona, halafu Jumatatu uje na jembe."

Tangu hapo, kabla sijachimba kwa watu, huuliza kwanza shimo la namna gani halitakiwi pale. Lakini siku ile nilikaa mezani pake, nikaandika "sijaona" kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, na sikuichana karatasi.