Siku Saba za Kasumbalesa

Kikundi chetu cha simu kilikuwa na watu arobaini na kitu, karibu wote wanaume, na mlinzi wake, mwenye kuingiza na kutoa watu, nilikuwa mimi, mwanamke. Walinichagua kwa sababu walinzi wawili wa kwanza walishindwa. Wa kwanza, siku timu yake ilipofungwa, alifukuza kila aliyecheka. Wa pili aliwarudisha wote kwa kuwa walimlilia. Mimi silainiki kwa machozi. Nimekaa miaka ishirini na mbili katika ofisi ya shule ya sekondari hapa Lubumbashi, nimeona baba mzima akipiga magoti kwa ajili ya bulletin, karatasi ya alama za mtoto wake, na bulletin haikubadilika.

Timu mbili za mji huu sitazitaja. Aliye wa hapa anazijua, na asiye wa hapa majina hayatamsaidia. Itoshe kusema kwamba yetu inashinda mara nyingi na ile ingine ina mashabiki wenye imani kubwa. Tulikuwa nusu kwa nusu ndani ya kikundi, na kutwa ni kuchokozana. Mpira haujazi wiki nzima, kwa hiyo katikati ya wiki watu walileta mengine: mmoja alifuga njiwa na alituonyesha kila yai, mwingine alitengeneza radio za zamani, wawili walicheza dama kwa kuandikiana hatua moja moja hadi tukawaambia wahamie kwao. Siasa ilikatazwa. Kabila lilikatazwa. Picha za maiti, hata usiniletee, unatoka saa hiyohiyo.

Na kulikuwa na sheria ya Kasumbalesa. Kila mtu wa Katanga anajua Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, pale malori yanapopanga mstari siku nyingi yakingoja duane, yaani forodha, iyapitishe. Basi, timu hizi mbili zikikutana, shabiki mmoja wa kila upande aliweka kichwa chake. Ambaye timu yake inafungwa, namtoa kikundini siku saba: ameenda kungoja Kasumbalesa. Siku ya saba, saa sita kamili ya mchana, anapiga simu na kusema, "Mama Duane, fungua barieri." Namuuliza, "Karatasi ziko wapi?" Lazima ajibu, "Yenu njo ilishinda," yaani timu yenu ndiyo iliyoshinda. Hapo nasema, "Pita," namrudisha, na wote wanaandika kwamba mzigo umetoka duane. Utoto, najua. Lakini mji huu ulikuwa umetuchosha kwa mambo ya watu wakubwa.

Kabla ya siku ya saba sikupokea simu ya aliyefukuzwa. Hiyo ilikuwa sehemu ya mchezo. Nao walitafuta mayele, yaani hila, ya kunikamata: waliazima simu za watu wengine, hasa laini za Zambia za madereva, ili niione namba ngeni, nipokee, na nikishapokea barieri imefunguka na mimi ndiye nimeshindwa. Nilikamatwa mara moja, mwaka wa kwanza. Nilitaniwa miezi. Tangu hapo namba ya nje ikiita ndani ya zile siku saba, nakata. Sikuwa nangoja hata ilie mara mbili.

Aliyekwenda Kasumbalesa kuliko wote alikuwa mfanyabiashara mmoja wa maharagwe ya jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini anayekaa hapa mjini, Naviundu, na bibi yake na watoto watatu. Alipofika mji huu kijana, jirani yake wa kwanza alikuwa wa ile timu ingine, naye akaichukua kama mtu anavyochukua dini ya nyumba aliyooa. Alikuwa msali wa kanisa la kiprotestanti, hanywi, hatukani, lakini kwa mpira alikuwa kichaa. Kila derby ni yeye aliyeweka kichwa. Na kila mara alifungwa. Wenzake walikuwa wakimwambia, "Papa, acha wengine nao waende," naye anajibu, "Hapana, mimi nayua njia."

Jumapili ile timu yake ilifungwa mawili kwa sifuri. Nilikumbuka baadaye kwamba siku hiyo aliandika kidogo sana. Aliandika, "Leo sina makelele," nami nikacheka, nikadhani ni aibu. Nikamtoa. Sikujua kwamba hakuwa Naviundu. Wafanyabiashara hawatangazi safari zao; alikuwa amepanda ndege pale Luano siku ya tano, yaani Ijumaa, kwenda Goma kutafuta mzigo, na maneno yale aliyaandika huku milio ya bunduki ikikaribia.

Jumatatu Goma ilianguka mikononi mwa waasi. Habari zilitufikia vipande vipande. Shuleni walimu walisimama uwanjani na radio, watoto wakafurahi kwamba hakuna hesabu. Kikundini mtu mmoja alianza kuandika mambo ya kabila, kwamba hawa wa mashariki wanaokaa kwetu wachunguzwe. Nilimfuta, yeye na maneno yake, na wa pili aliyemtetea nikamfuta pia. Nilijiona nimefanya kazi. Kisha tukaendelea na habari za njiwa.

Jumatano, kazi tatu kama tunavyosema hapa, saa sita ya mchana nilikuwa napiga mihuri kwenye bulletin. Simu ikalia. Namba ya nje. Nikatabasamu peke yangu, nikasema, eeh, leo ameazima laini ya Zambia. Nikakata. Ikalia tena palepale. Nikakata tena, nikageuza simu kifudifudi, nikaendelea na mihuri. Namba za Zambia na za Rwanda zinafanana mwanzoni, ni tarakimu moja tu inayozitenganisha, na mimi siku hiyo sikuangalia tarakimu.

Alhamisi jioni bibi yake alikuja kwangu. Hatukuwa tumeonana zaidi ya mara mbili. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kitenge chake kimefungwa vibaya, na alinionyesha simu yake: ujumbe kumi na kitu aliomwandikia bwana yake tangu Jumatatu, wote na alama moja tu, maana yake hakuna hata mmoja uliofika.

"Mama," akasema, "banasema weye uko na bantu bote ndani ya simu yako. Hakuna mwenye alimusikia?"

Akanieleza. Bwana yake alikuwa Goma. Jumatano magharibi dereva mmoja aliyetoroka alipiga simu kwa kaka za bwana yake, akasema gari alilokuwa amepanda bwana huyo na wafanyabiashara wenzake limeungua barabarani, na ndani mlikuwa na watu. Kaka zake walikata shauri: wangengoja hadi Jumapili baada ya ibada, na kama hakuna habari, wangetandika mikeka nyumbani na kuanza kilio. Hakulia aliponiambia. Aliongea kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Nilisema nitauliza. Alipotoka nikafungua simu yangu, nikaitafuta Jumatano. Namba ilikuwa pale mara mbili, nyekundu. Nikaisoma tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa ya Rwanda. Ng'ambo ya mpaka wa Goma. Nikaipiga. Mwanamke wa mashine akanijibu kwa lugha nisiyoijua, lakini lugha ya simu iliyozimwa ni moja duniani kote.

Nilipaswa kukimbia njiani nimrudishe yule mama. Sikukimbia. Nilijiambia, pengine ni mtu mwingine, pengine ni wezi, usimpe mwanamke tumaini la namba iliyozimwa. Maneno mazuri. Ukweli ni kwamba kumwambia kuhusu namba ilikuwa lazima nimwambie nilikata, na nilikata mara mbili, na nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo lilinifunga mdomo. Niliona haya. Mimi ambaye nilikuwa nasomea wazazi sheria ya shule bila kupepesa jicho.

Ijumaa nilipiga ile namba hadi betri ikaisha. Siku ya posho, yaani Jumamosi, vilevile. Kikundini niliuliza kama kuna mwenye habari zake. Wakashangaa kusikia alikuwa Goma. Yule wa njiwa aliandika, "Mama Duane, murudishe basi." Nikamrudisha kabla ya wakati wake, mara ya kwanza katika maisha ya sheria ile. Watu arobaini na kitu wakamwandikia. Mimi niliandika, "Barieri iko wazi." Alama moja. Tukakaa tukiitazama alama hiyo moja, kila mtu kwake, na hakuna aliyeandika kuhusu mpira.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, kisha Naviundu. Nilikuwa nimeamua kusema. Nilipoingia lupango, ua wa nyumba yao, mikeka ilikuwa imeshatolewa nje, bado imekunjwa, imeegemea ukuta. Wanawake wa kanisa lao walikuwa wanawasha makaa chini ya sufuria kubwa. Kaka zake wawili wamevaa suti. Walinipa kiti. Yule mama alikuwa ndani, wanamtafutia kitambaa cheusi, na nikaambiwa ningoje kidogo. Nikangoja. Nilikuwa nimeshika simu mkononi kwa desturi tu.

Saa sita kamili simu ikalia.

Namba ya nje. Ingine, si ile. Nikapokea nimekaa, na sauti ikasema, ya mbali, ya mtu mwenye koo kavu:

"Mama Duane, fungua barieri."

Kwa sheria nilipaswa kuuliza karatasi ziko wapi. Nikasema, "Pita. Pita, ndugu yangu, pita!" Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu mwanamke aliyekuwa anapepea moto aliangusha kifuniko cha sufuria.

Alinieleza kwa haraka, simu ilikuwa ya mtu. Walinyang'anywa gari kabla halijachomwa. Walioungua ndani hakuwajua. Wanyang'anyi walichukua na simu yake. Alivuka mpaka kwa mguu na umati. Na alipopata mtu wa kumwazima simu, aligundua kwamba kichwani hana namba hata moja. Ya bibi yake ilikuwa ndani ya simu, alizoea kugusa picha yake tu. Ya kaka zake vilevile. Namba pekee iliyokuwa kwenye vidole vyake ilikuwa yangu, kwa sababu miaka yote ile ya kufungwa alikuwa anaipiga mwenyewe kwenye simu za watu ili anikamate.

"Kazi tatu ulinikata," akasema.

"Nilikata."

"Mwenye simu akaikamata, akaenda zake. Nikasema, hapana shida. Siku ya saba saa sita, Mama Duane anapokea."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo siwezi kulisahau. Alikuwa amekaa siku nne kwenye kambi ya watu asiowajua, bila viatu, akingoja saa yangu.

Nikaingia ndani na simu. Yule mama alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kimefungwa nusu kichwani. Nikamwekea simu sikioni. Sikungoja kusikia, nilitoka. Lakini lupango zima lilisikia. Watu waliruka, mmoja wa kaka zake alipiga magoti na suti yake juu ya majivu, wanawake walipiga vigelegele, mikeka ikarudishwa ndani, na chakula cha kilio kikaliwa kama cha harusi. Kila mtu alikuja kunishika mikono. "Aksanti, Mama. Mungu akubariki. Weye njo ulituletea sauti yake." Nilishukuriwa na watu ishirini, nami nikiwa nimesimama pale kama mwizi anayepewa zawadi na mwenye nyumba.

Nilimvuta yule mama pembeni, nyuma ya jiko. Nikafungua simu, nikamwonyesha Jumatano. Zile mbili nyekundu.

"Alinipigia siku ile," nikasema. "Nilikata. Nilidhani ni mchezo wetu wa mpira. Alhamisi ulipokuja kwangu nilikuwa sijajua. Ulipotoka nikajua, na sikukufuata. Ijumaa nilijua, Jumamosi nilijua. Nilikuacha."

Aliangalia kioo cha simu. Kitambaa cheusi kilikuwa bado begani mwake, alikuwa amesahau kukivua.

"Kazi tatu," akasema polepole. "Njo ile mangaribi mutoto wangu mukubwa aliniuliza, baba atapiga simu? Nikamwambia asiulize tena."

Akanirudishia simu. Hakunitukana. Akaenda kuwapakulia watu bukari, ugali wetu wa hapa, akanipakulia na mimi sahani, akaiweka mbele yangu, na hakunitazama.

Bwana yake alirudi baada ya majuma mengi, kwa njia ya kuzunguka nchi mbili. Siku hizi kila asubuhi kabla hajatoka, bibi yake anamsimamisha mlangoni mbele ya watoto, amwimbie namba yake yote kwa kichwa. Akikosea anaanza upya. Timu yake ingali inafungwa, lakini Kasumbalesa niliifuta, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mimi napokea kila namba. Wengi wamekosea, wengine ni wezi wanaotaka kuniambia nimeshinda gari. Hata hao nawangoja wamalize, na kabla sijafunga nawauliza, "Na weye ni nani, unatafuta nani?"